Magamba ya Kilindi cha Kinu

1 Juni

Msimu umefunguliwa leo saa kumi na mbili asubuhi. Tarehe za witiri ni zetu, za shufwa ni za Sigve Tverrå wa ng'ambo. Ndivyo babu zetu walivyogawana Kilindi cha Kinu walipochoka kupigania mstari wa katikati ya mto. Baba aliingia majini peke yake, ufito wa kuvulia wa mikono miwili begani, mimi nikabaki ukingoni.

"Uvuvi mbovu, Baba," nilimwambia kama inavyopasa.

"Mbovu kabisa," akajibu bila kugeuka.

Kwenye mto huu hatumtakii mtu samaki. Anayemtakia mwenzake samaki amemkaushia maji. Nimesoma biolojia miaka minne chuoni, na bado ulimi wangu hauwezi kusema vinginevyo.

Mwaka huu tuna sharti. Samoni wamepungua, na serikali imetuambia kwamba mto Lauva ukishindwa kuonyesha samoni arobaini wa asili hadi tarehe 20 Julai, utafungwa. Majike wote tunawarudisha majini, lakini nao wanahesabika. Ni mimi niliyependekeza kwenye mkutano wa Aprili kwamba hata anayerudishwa akwanguliwe magamba matatu kwa ncha ya kisu, ubavu wa kushoto, yatiwe kwenye bahasha. Niliwaambia gamba humtenga samoni wa asili na aliyetoroka vizimbani, na gamba halisemi uongo. Walipiga makofi. Shangazi Borghild, mwenyekiti wa umoja wa wenye mto, akanipa meza na hadubini katika kiwanda cha zamani cha maziwa.

Mto ukifungwa, hakuna wageni wa Agosti wanaotulipa ili wavue. Bila wageni Baba atarudi pwani kufanya kazi kwenye vizimba vya samaki. Alifanya kazi huko majira mawili ya baridi baada ya Mama kufariki. Alirudi akinuka chakula cha samaki, na hakuzungumza mpaka Pasaka. Sitaki kuona hilo tena.

3 Juni

Maji ya theluji, rangi ya bati. Hakuna kitu.

4 Juni

Siku ya Sigve. Hakuna kitu kwake pia. Nilikwenda dirishani mara nne kuhakikisha.

10 Juni

Bahasha sita. Saa za kazi ni chache lakini nakaa mpaka miguu ife ganzi. Gamba moja la samoni ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake mna maisha yote: miduara iliyosongamana ni majira ya baridi, iliyoachana ni majira ya joto na chakula kingi baharini. Aliyewahi kutaga ana kovu, kwa sababu mtoni hali chochote, anajila mwenyewe kutoka pembeni.

Ningependa watu wangekuwa hivyo. Ningemkwangua mtu magamba matatu nikajua aliishije.

15 Juni

Sigve alikuja mwenyewe leo na bahasha. Kwa kawaida wote huzitupia kwenye sanduku la mlangoni. Yeye aliingia, akavua kofia, akasimama.

"Jike," alisema. "Sentimita tisini na nne. Nimemrudisha jana, akaondoka vizuri."

"Hongera, mzee."

"Hutazami?"

"Nitatazama."

"Haya." Akasimama tena kidogo, anaangalia hadubini kana kwamba inaweza kumtazama yeye. Halafu akaenda.

Ni mtu wa miaka sitini na kitu, mjane, mikono mikubwa. Yeye na Baba hawajawahi kukaa meza moja. Kwa nini aliingia?

19 Juni

Joto. Kipimo cha maji kwenye nguzo ya daraja kimeshuka alama tatu. Baba amekula viazi na maziwa mgando.

23 Juni

Moto wa mkesha wa Mtakatifu Yohane ulikuwa mdogo mwaka huu kwa ajili ya ukame. Sigve alikuwa na bahasha nyingine mfukoni, akanipa hapo hapo mbele za watu. Jike, sentimita tisini na tatu, kilo nane, jana, Kilindi cha Kinu.

"Wa pili huyo!" alisema, na sijawahi kumsikia akisema kwa sauti hiyo. "Nilidhani mkono umezeeka, kumbe bado upo upo."

"Usijisifu, Sigve, utamfukuza wa tatu," Shangazi Borghild alimwambia, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Upande wetu, kilindi hicho hicho, maji hayo hayo, Baba hajapata hata mmoja tangu mwezi uanze.

26 Juni

Joto. Alama mbili tena.

29 Juni

Nitaandika polepole ili niwe na hakika.

Sigve ameleta bahasha ya tatu, ya jana: jike, tisini na nne. Pale kwenye mstari wa maelezo, ambao karibu kila mtu huuacha mtupu, ameandika: "Meno ya sili ubavuni." Sili, yule mnyama wa baharini mla samaki, huwauma samoni wengi, lakini sijui kwa nini maneno hayo yalinikereketa. Labda kwa sababu mtu hujieleza pale ambapo hajaulizwa.

Nikayaweka magamba ya tatu karibu na ya pili. Miaka mitatu mtoni, miwili baharini, kovu la kutaga, mwaka mmoja tena baharini. Yamelingana. Hilo si ajabu, samaki wengi wana maisha yanayofanana. Lakini katika kiangazi cha pili cha baharini pana duara moja lililopinda, kama alama ya ukucha kwenye siagi. Lipo kwenye ya pili. Lipo kwenye ya tatu. Nikatoa bahasha ya kwanza. Lipo.

Samaki mmoja. Bahasha tatu.

Nimejaribu kufikiri kwa haki. Mto ukifungwa, Sigve naye anapoteza, ingawa kidogo kuliko sisi, kwa kuwa yeye ana ng'ombe. Ana friza mbili kwenye ghala, hilo kila mtu analijua. Kumuua jike mmoja mapema Juni, kuweka ngozi kwenye friza, kukwangua kila wiki, kuandika tarehe, ni jambo rahisi sana. Na ndiyo maana aliingia ndani siku ile ya kwanza. Alitaka kuona kama nitaona.

Arobaini ya uongo, halafu Agosti wageni wataua waliobaki, na mwakani hatutakuwa na cha kuhesabu.

2 Julai

Nilimuuliza Shangazi Borghild, kwa kuzunguka, kama mtu anaweza kudanganya na magamba.

"Nani, kwa mfano?"

"Yeyote. Sigve, kwa mfano."

"Sigve!" Akaweka kikombe chini. "Yule akiiba yai atamwomba kuku radhi. Eldrid, mpenzi, toka nje upate jua. Umekuwa mweupe kama maziwa ya unga."

Amemtetea haraka mno. Yeye ndiye anayeitaka arobaini kuliko wote.

4 Julai

Nimelifanya, na sijui kama najuta.

Ilikuwa siku ya Sigve. Kibanda cha kahawa kiko upande wake, na wote hukutana pale, hata wa upande wetu, kwa kuwa ndiko kwenye kivuli. Walikuwapo Shangazi Borghild, Sigve, na Preben, daktari wa meno kutoka Denmark ambaye analala kwetu wiki hizi mbili. Birika lilikuwa kwenye moto. Nilikuwa nimejiambia nitauliza tu.

"Mzee Sigve," nikasema, "yule jike wako wa tisini na nne, unamtunza kwenye friza ipi?"

"Friza ipi tena? Nimemrudisha."

"Mara tatu?"

"Mara tatu majike watatu." Akatabasamu, akidhani ni utani. Kisha akaona uso wangu. "Una maana gani, binti?"

"Nauliza tu."

"Basi uliza vizuri. Unaniita mwongo?"

Shangazi alisema, "Eldrid," kwa sauti ya chini. Sigve alisimama, akachukua ufito wake ukutani, akaanza kuteremka kwenda majini. Ndipo nikasema, taratibu, kila neno peke yake:

"Nakutakia samaki, mzee Sigve. Wengi na wakubwa."

Alisimama hapo hapo na mgongo wake kwetu. Kahawa ilifurika, ikazima nusu ya moto, na hakuna aliyeinuka kuliondoa birika. Preben pekee, ambaye hajui, alipiga makofi na kusema, "Maneno mazuri hayo! Nami mnitakie!"

Sigve alirudi kibandani, akafungua ufito vipande vitatu, akavitia kwenye mfuko wake, akapanda njia ya kwake.

5 Julai

Baba aliingia chumbani kwangu bila kubisha.

"Umemwambia nini Sigve?"

"Umeshaambiwa."

"Nataka kusikia kwako."

Nikamwambia. Sikumwambia kuhusu magamba. Nilitaka ushahidi zaidi kwanza, na, niandike ukweli, sikuwa na hakika angenijibu nini.

"Miaka thelathini," Baba alisema, "mimi na mtu yule tumevunjiana uzio, tumepelekana kwa mpima ardhi, tumezika wake zetu bila kupeana mkono. Lakini hatujawahi kutakiana samaki. Hata siku moja. Nani amekufundisha kuwa hivyo?"

Akatoka, akauacha mlango wazi.

6 Julai

Siku ya Sigve. Ng'ambo tupu.

8 Julai

Siku ya Sigve. Tupu. Joto. Nzi halisi wengi kuliko wale wa manyoya tunaowafunga kwenye ndoano.

10 Julai

Tupu. Mtu asiye na hatia angekuja kuvua, ili kunionyesha. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Maji yameshuka mpaka mawe ya katikati ya maporomoko yaliyo juu ya kilindi yamekauka. Hakuna samaki anayeweza kupanda pale sasa. Waliopo kwenye kilindi wamebaki kwenye kilindi.

11 Julai

Baba amepata samaki! Alikuja mbio kama kijana, maji yanachuruzika kutoka kwenye suruali zake za mpira, akaniwekea bahasha mezani. Jike, tisini na nne. "Mrembo," alisema. "Eldrid, mrembo huyo, ungemwona."

Nimelikuta duara lililopinda.

Nimelitazama kwa lenzi zote tatu. Nimeosha gamba tena. Lipo. Na kwenye mstari wa maelezo, kwa mwandiko wa Baba: "Alama za sili."

Kwa hiyo wawili. Watu ambao hawajapeana mkono kwa miaka thelathini wamegawana samaki mmoja na uongo mmoja, wa sili huyo huyo. Hasira ya Baba siku ile kwa ajili ya Sigve ilikuwa nini basi? Alikasirika kwa ajili ya mila, au kwa sababu nilikaribia?

Wakati wa kula nilimtazama mikono. Alikata viazi sawasawa, akanisogezea jibini ya kahawia, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nilikuwa nikimchunguza baba yangu kama mtu nisiyemjua, na alikuwa ananisogezea jibini.

13 Julai

Preben naye. Bahasha ya leo asubuhi, jike, tisini na tano ("au zaidi!"). Gamba ni lile lile. Maelezo: "Sili?"

Alinionyesha picha kwenye simu, amemshika samaki nusu nje ya maji, meno yote ya Preben yanaonekana. Ubavu wa kulia wa samaki unang'aa, safi. Wa kushoto umeelekea tumboni kwake.

"Aliteremka mara mbili mpaka mwisho wa mshipi," alisema. "Nilikuwa nalia. Usimwambie mke wangu."

Daktari wa meno wa Denmark hana sababu yoyote ya kutudanganyia. Isipokuwa Baba amempa samaki wa kushika. Lakini picha ni ya samaki aliye hai, pezi limesimama.

Sielewi. Nimeandika majina yote kwenye karatasi na kuchora mistari kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Mistari yote inaweza kuwa kweli. Nikaichana.

15 Julai

Bahasha arobaini na moja. Shangazi Borghild alileta keki ya malai na matunda ya mwitu ya kinamasi cha juu, akaikata kwenye meza yangu kati ya bahasha. Watu waliingia na viatu vya matope, wakanipiga mgongoni. Baba alikula vipande viwili. Anazungumza juu ya Agosti, nani atalala chumba kipi, kwamba atapaka rangi dirisha la wageni.

Sigve hakuja. Mimi nilishika kijiko mkononi saa nzima.

17 Julai

Tarehe ya witiri. Baba alikwenda mjini kununua rangi, nami nikachukua ufito wa Mama.

Wingu jembamba, maji kama kioo cha kahawia. Nilianza juu ya kilindi, kama inavyopasa: rusha, acha nzi avuke mkondo, piga hatua moja, rusha. Hakuna anayesimama mahali pamoja kwenye mto wetu. Nilikuwa nimefunga nzi mdogo mweusi wa manyoya ya kindi. Ng'ambo Sigve alikuwa anakata nyasi kwa mashine. Sikumtazama.

Hatua ya kumi na sita, mshipi ulisimama. Haukuvutwa. Ulisimama tu, kama umeshika jiwe, halafu jiwe likaanza kutembea.

Hakupigana kama Preben alivyosimulia. Alizunguka mara tatu polepole, akaja. Katika maji ya magotini nilimgeuza kwa mkono chini ya tumbo, kisu kiko tayari kwenye mkono mwingine, na nikatazama ubavu wa kushoto pale ninapotakiwa kukwangua.

Palikuwa na mabaka matano. Yamepangwa karibu mstari mmoja, kila moja ukubwa wa ncha ya kidole gumba, meupe, hayana gamba. Mawili yalikuwa yameanza kuota ukungu kama pamba.

Hayakuwa makovu ya meno ya sili. Kila baka lilikuwa na ukingo mmoja mnyofu, pale kisu kinapoingia. Nilihesabu tena: Sigve, Sigve, Sigve, Baba, Preben. Mimi na kisu changu tulikuwa wa sita.

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alimkamata kweli, akamrudisha kweli, akaandika kweli. Amefungiwa chini ya maporomoko tangu maji yaanze kushuka, na kila aliyepita alimchukulia magamba matatu kwa sababu mimi nilisema yachukuliwe, na sikufikiria hata kuagiza akatwe ncha ya mkia ili ajulikane.

Nilitupa kisu ukingoni. Alikuwa amelala ubavu. Nikamshika mkiani, nikamwelekeza kichwa kwenye mkondo, mashavu yanafunguka kidogo sana. Sijui ni muda gani. Mashine ya nyasi ilinyamaza. Kisha nikasikia mtu anavuka maji.

"Leo si siku yako," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Nimekuja bila ufito," Sigve alijibu. Akapiga magoti upande wa pili na nguo zake za kazi, akaweka mkono mkubwa chini ya kifua cha samaki. "Usimsukume mbele na nyuma. Mshike tu. Atapumua mwenyewe akitaka."

Tukamshika. Nikamgeuza kidogo aone ubavu.

Alitazama kwa muda. Niliona midomo yake inahesabu.

"Mimi niliandika sili," alisema.

"Wote mmeandika sili."

"Sili gani ana kisu?" Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo ni mmoja."

"Ni mmoja."

"Na mimi nilivyojisifu kwenye moto. Mara tatu nimemnasa mwanamke yule yule."

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikaanza kumwambia juu ya friza, juu ya maneno yangu, na akanikatiza.

"Yale uliyasema mbele za watu. Haya utayasema mbele za watu." Halafu, kwa sauti nyingine: "Siku ile ya kwanza nilikuletea mwenyewe kwa sababu marehemu mke wangu Marit alikuwa akipenda kuona magamba kwenye mwanga. Nilidhani utanionyesha. Basi."

Mkia ulikaza mkononi mwangu. Tulifungua vidole pamoja. Alibaki hapo kati ya magoti yetu kwa pumzi mbili, kisha akazama kwenye maji ya kahawia.

"Baba yako anajua?" Sigve aliuliza.

"Hapana."

"Wako wangapi basi, ukihesabu samaki?"

Sikujua. Nilikuwa nimelinganisha bahasha za watu niliowashuku tu.

18 Julai

Nimesoma zote arobaini na moja, gamba kwa gamba, tangu asubuhi. Mkondo wa Kanisani kuna jike mwenye bahasha nne. Chini ya daraja yuko mmoja mwenye tano. Wengine mbili mbili.

Samaki ishirini na sita.

19 Julai

Wanaojua ni wawili, mimi na Sigve. Leo nzima nimekuwa nikimshuku kwamba atasema, na kumshuku kwamba hatasema, na yote mawili yananitisha sawasawa.

Ningeweza kunyamaza. Bahasha ni arobaini na moja, hakuna mtu serikalini atakayezilinganisha. Baba anapaka dirisha rangi. Nilikwenda nikasimama chini ya ngazi.

"Nyeupe hii si ya manjano mno?" aliuliza.

"Ni nzuri, Baba."

"Preben amesema atakuja Agosti na kaka yake. Wanataka chumba hiki."

Nikamshikia ngazi mpaka akamaliza. Sikumwambia. Nilifikiri nikimwambia atanizuia, na nilijijua kwamba ningezuilika.

20 Julai

Mkutano ulikuwa kwenye kiwanda cha maziwa. Watu kumi na tisa. Shangazi Borghild alikuwa na karatasi tayari kusaini.

Nilikuwa nimepanga bahasha mezani kwa mafungu.

"Eldrid, mpenzi, hizo si zimeshahesabiwa?"

"Zimehesabiwa bahasha, Shangazi. Samaki hawajahesabiwa."

Nikaeleza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, wakanitaka nirudie. Nilipofika kwa Sigve nilimgeukia. Nilisema kwamba nilimwita mwongo naye hakuwa mwongo, kwamba nilimtakia samaki kwa makusudi, na kwamba naomba radhi. Alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia magotini. Aliitikia kwa kichwa mara moja.

"Na ile sheria ya kukwangua aliileta nani?" Shangazi aliuliza. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Mimi."

"Bila alama ya kumtambua aliyekwisha kukamatwa."

"Bila alama."

"Ungeweza kugundua wiki ijayo," alisema, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu wote walikuwa wanafikiri hivyo.

Ndipo Baba akasimama. Alikuja mezani bila kunitazama, akavua miwani, akainama kwenye hadubini. Nikamwekea gamba la Sigve la tarehe 14 Juni. Akatazama. Nikamwekea lake. Akatazama muda mrefu sana, anaomba kwa kidole nimrudishie la kwanza, tena la pili. Chumba kizima kilisikia anavyopumua.

Kisha akainuka, akaitafuta kwenye meza bahasha yenye mwandiko wake, ambayo nilikuwa nimeiacha pembeni kidogo kwa woga, akaiweka mwenyewe juu ya zile tatu za Sigve.

"Ni yeye," alisema. "Andika ishirini na sita, Borghild."

Njiani kurudi alitembea mbele yangu mpaka lango la malisho.

"Ungeniambia jana," alisema, mkono kwenye komeo.

"Nilidhani utanizuia."

"Ningejaribu." Akafungua lango, akalishikilia nipite.

21 Julai

Mto umefungwa. Preben amepigiwa simu asije.

26 Julai

Joto. Hakuna mtu ukingoni upande wowote. Siku za witiri na za shufwa zimekuwa kitu kimoja.

2 Agosti

Baba ameondoka na basi la asubuhi kwenda pwani. Mkataba mpaka Krismasi. Nilimfungia mkate mwembamba na soksi za sufu, ingawa ni kiangazi. Sigve alikuwa kituoni, ati anasubiri barua. Walisimama kama nguzo mbili. Basi lilipokuja Sigve aliinua begi la Baba na kulipandisha, na Baba akamwacha alipandishe.

7 Agosti

Sigve amekuja kuona magamba kwenye mwanga. Alikaa saa mbili. "Kumbe ndiyo hivi," alisema, mara kadhaa.

13 Agosti

Mvua. Imeanza jana mchana na haijakata. Mto umepanda alama sita, una rangi ya chai, mawe ya maporomoko yamefunikwa yote. Nimesimama darajani mpaka maji yameniingia shingoni, natazama kilindi. Hakuna kilichoruka. Hakuna mgongo, hakuna mkia.

Baba alipiga simu baada ya chakula cha jioni. Nyuma yake mashine za vizimba zilikuwa zinanguruma. Aliuliza kuhusu paa, kuhusu ng'ombe wa Sigve, kama mvua imefika.

"Imefika. Alama sita."

Alinyamaza. Nilisubiri, nikidhani ananilaumu, kama ninavyodhani kila anaponyamaza.

"Umemwona?" akauliza.

"Hapana, Baba. Nimetazama mchana kutwa. Sijamwona."

"Vizuri," alisema. Nikamsikia anavuta pumzi ndefu kando ya simu. "Basi amepita."